Mashine ya Rola Irudi Kazini

Maneno haya niliyasema Jumamosi iliyopita hapa Mtwara Mjini, mbele ya mafundi, akina mama wanaofanya kazi ya udobi na wenye nyumba za kulala wageni. Wenzetu wa Newala, Masasi na Nachingwea ambao hawakuweza kufika waliniomba niwaandikie yote, nami nimeyaandika kama nilivyoyasema.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, shikamooni. Mafundi wenzangu, mama zangu na dada zangu mnaotafuta riziki kwa kufua nguo za watu, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze kuhusu mashine za kufulia za zamani, zile zenye rola mbili za mpira juu ya pipa. Nimekuja na jambo moja tu: mashine hizi zirudi kazini. Sisemi zirudi sebuleni. Sisemi zipakwe rangi ya kung'aa, ziwekwe mlangoni mwa hoteli na kupandwa maua, wala zijazwe barafu za kupoozea soda kama wafanyavyo baadhi ya watu huko Marekani. Zirudi kazini, zifue, zikamue, ziwapumzishe watu mikono.

Ndugu zangu, mashine hii ni kitu gani hasa? Ni pipa lililosimama juu ya miguu yenye magurudumu. Katikati ya pipa kuna kikorogeo chenye mabawa, ambacho huzunguka kidogo kwenda na kidogo kurudi, kikizigeuza nguo ndani ya maji ya sabuni. Chini ya pipa kuna mota, mkanda na giaboksi. Juu, ukingoni, kuna kichwa kilichobeba rola mbili zinazozunguka huku zimebanana. Nguo iliyolowa huingia upande mmoja na kutokea wa pili ikiwa bapa kama karatasi, na maji yake hutiririka kurudi pipani. Basi. Haijui saa, haina bodi ya umeme ya kuungua umeme unapoyumba, na haifanyi lolote ambalo mtu mwenye macho hawezi kuliona na kulielewa.

Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa dobi katika nyumba moja ya Waingereza huko Nachingwea. Mnajua historia hiyo: Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga mwaka 1947, Nachingwea ikawa moja ya maeneo yake, na bandari ya kina kirefu hapa Mtwara pamoja na reli ya kwenda bara vikajengwa kwa ajili ya karanga hizo. Mradi uliachwa mwaka 1951. Reli ile haipo tena, ila bandari ipo na mji upo. Bibi alikuwa akitusimulia habari za mashine inayomeza shuka na kuitema, na sisi wajukuu tulidhani ni hadithi ya zimwi. Ilikuwa mashine ya Hoover, na rola zake alizizungusha yeye mwenyewe kwa mkono. Kampuni hiyo ilifungua kiwanda cha mashine za kufulia huko Merthyr Tydfil, Wales, mwaka 1948, na mashine ndogo za aina hiyo zikaingia katika nyumba nyingi za Uingereza na za watumishi wake waliokuwa ng'ambo.

Mashine ya kwanza niliyoifufua mimi haikuwa hiyo. Ilikuwa Maytag, ya Newton, katika jimbo la Iowa, Marekani. Kampuni ile ilianza kwa zana za wakulima, ikatoa mashine yake ya kwanza ya kufulia mwaka 1907, na ikaendelea kutengeneza zile za rola hadi mwaka 1983. Fikirini, mafundi wenzangu: mwaka 1983! Mashine zinazofanya kila kitu zenyewe zilikuwa zimejaa madukani kwa miaka mingi, na bado walikuwapo watu walioitaka ya rola. Niliikuta kwenye stoo ya nyumba moja ya zamani, njia ya kwenda Masasi, iliyowahi kukaliwa na wamisionari. Pipa lake la aluminiamu, la pembe nne, lilikuwa limegeuzwa kuwa bwawa la bata.

Nilipolimwaga lile pipa, jambo la kwanza nililoligundua ndilo lililonifanya niipende kazi hii. Mashine ile ilikuwa na skrubu na bolti mahali pote ambapo mashine za siku hizi zina plastiki iliyogandishwa. Aliyeitengeneza alitaka ifunguliwe. Alijua kwamba siku moja, mahali fulani, fundi asiyemjua ataifungua, naye akamwachia njia. Je, ni vitu vingapi mnavyoletewa kwenye vibanda vyenu leo ambavyo mtengenezaji amewaachia njia?

Kikorogeo kilikuwa kimeng'ang'ania kwenye shafti. Hapa ndipo watu huharibu mashine: wanachukua nyundo. Ndugu yangu, usichukue nyundo, kwa sababu kikorogeo hupasuka na kingine hutakipata. Aluminiamu hutanuka kwa joto zaidi ya chuma. Nilipaka mafuta mepesi kwenye maungio, nikaacha yapenye usiku kucha, kisha nikamimina maji ya moto juu ya kikorogeo, nikakifunga kamba chini ya mabawa, nikavuta kwenda juu taratibu huku nikikitikisa. Siku ya kwanza hakikutoka. Siku ya pili hakikutoka. Siku ya tatu kilitoa sauti kama kizibo cha chupa, nikabaki nacho mikononi. Tangu siku hiyo kila mteja wangu namwambia: ukimaliza kufua, ng'oa kikorogeo, futa shafti, paka grisi kidogo, ndipo ukirudishe. Ni kazi ya dakika mbili.

Ndani ya giaboksi mafuta yalikuwa yameganda kama ulimbo. Nilikuwa na daftari la shule la mwanangu, nikachora kila gia kabla ya kuitoa, nikaweka alama ya rangi ya kucha kwenye meno yanayokutana, nikaosha kila kitu kwa mafuta ya taa. Hapakuwa na jino hata moja lililokatika. Nilichobadilisha ni sili ya shafti na mkanda, na vyote viwili nilivipata kwa kupima na kulinganisha kwenye maduka ya vipuri vya pikipiki na mashine za kusaga. Mwili wa nje ndio uliohitaji subira zaidi, maana sisi tuko pwani na upepo wa chumvi hauna huruma kwa chuma. Miguu ilikuwa imeliwa na kutu hadi mmoja ukatoboka, ikabidi nichomelee kipande kipya.

Sasa umeme. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu nitawaeleza kosa langu mwenyewe. Mashine ya Marekani imetengenezwa kwa umeme wa volti zipatazo 120, na sisi tunatumia volti 230. Nililijua hilo, lakini kwa furaha ya kuona gia zinazunguka nilichomeka "mara moja tu, nione". Mota ilinguruma kwa sekunde chache, ikatoa moshi, na mota iliyokuwa imesubiri miaka mingi kwenye ile stoo ikafa mikononi mwangu. Iliniuma sana.

Wengine watasema, weka transfoma. Transfoma hupunguza volti, lakini haibadilishi mapigo ya umeme: ya kwetu ni 50 kwa sekunde, ya Marekani ni 60, na mota iliyozoea 60 ikilishwa 50 huzunguka polepole na kupata moto. Mimi nashauri ufunge mota ya kwetu. Ila mota ya zamani ya Marekani ilizunguka kama mara 1725 kwa dakika, na ya kwetu ya aina hiyo huzunguka kama 1425. Kwa hiyo puli ya kwenye mota ikuzwe kwa sehemu moja ya tano ya upana wake, ili kikorogeo na rola virudi kwenye mwendo wao wa asili. Mota ya zamani itunzeni, msiitupe. Huenda siku moja akatokea fundi wa kuisuka upya.

Na waya wa ardhi? Nyingi ya mashine hizi zilikuja na waya wenye nyuzi mbili tu. Mwili ni wa chuma, pipa limejaa maji, anayefua amesimama peku kwenye sakafu iliyolowa. Mnahitaji nini zaidi ili muogope? Waya wote wa zamani utolewe, mpira wake umeshapasuka. Uwekwe wa nyuzi tatu, ule wa ardhi ufungwe kwa bolti kwenye chuma kitupu kilichokwanguliwa rangi, na kwenye ukuta ifungwe swichi inayokata umeme wenyewe unapovuja hata miliampia 30. Mteja asiyetaka kulipia swichi hiyo, mimi simkabidhi mashine.

Ndugu zangu, nimefika kwenye rola, na hapa nitakaa.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na mwanafunzi, binti wa miaka 19, mwenye mikono myepesi kuliko yangu. Tulikuwa tumemaliza kufunga kichwa cha rola cha mashine ya pili. Karibu kila kichwa cha namna hii kina kitu cha kufyatulia: paa au mkono wa chuma ambao ukiupiga, rola ya juu inaachia na mgandamizo unakwisha papo hapo. Kifyatulio cha mashine ile kilikuwa kimeshikwa na kutu. Nikasema, tujaribu rola kwanza, kifyatulio tutakifanya kesho.

Binti alikuwa anapitisha suruali ya jinzi. Kiuno kilikuwa kinene, kikasita mdomoni mwa rola, akakisukuma kwa vidole. Kikaingia, na vidole vikaingia nacho. Alipiga kifyatulio kwa mkono wa pili kama nilivyomfundisha, na hakikufyatuka. Nilirukia waya, nikauchomoa. Rola zikasimama, lakini zilisimama zikiwa zimembana hadi kifundo cha mkono. Nikaanza kulegeza skrubu ya juu. Skrubu ile ina mizunguko mingapi? Si mingi. Siku ile ilikuwa haina mwisho.

Hakuvunjika mfupa, na ngozi haikuchanika, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mtu anaweza kudhani yamekwisha. Jeraha la rola huponda nyama kwa ndani, na uvimbe huja baadaye, saa nyingi baadaye, ukaziba damu isifike vidoleni. Huko Marekani, mashine hizi zilipokuwa katika kila mtaa, madaktari walilipatia jeraha hili jina lake lenyewe, "mkono wa rola", kwa jinsi lilivyoletwa hospitali mara kwa mara, na wengi wa walioletwa walikuwa watoto. Tulimpeleka hospitali, akalazwa usiku ule mkono ukiwa umeinuliwa, akachunguzwa, akapona. Leo ana kibanda chake mwenyewe cha kutengeneza pampu. Lakini kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo kwenye karakana yangu kuna utaratibu mmoja: kifyatulio kwanza. Kabla ya rangi, kifyatulio. Kabla ya mota, kifyatulio. Rola isizungushwe hata kwa mkono kabla kifyatulio hakijafyatuka mara 20 mfululizo, kwa pigo la kiganja la mtu mdogo kuliko wote waliopo.

Nawaombeni sasa mnitazame mikono. Nguo inapitishwa hivi. Shuka inakunjwa kwa urefu hadi iwe nyembamba kuliko rola. Vifungo vya shati vinaelekezwa ndani, vifunikwe na kitambaa, ili vizame kwenye mpira badala ya kukatika, zipu inafungwa. Ncha ya nguo unaiweka kwenye mdomo wa rola kwa kiganja kilicholala, halafu unaachia. Rola zenyewe zitavuta. Ikisita, unasukuma kwa kijiti cha mti, si kwa kidole. Kwa kijiti, mama zangu. Kila mashine inayotoka kwangu ina kijiti chake kimefungwa kwa kamba. Bangili zivuliwe, mikono ya baibui na ya kanzu ikunjwe hadi juu ya kiwiko, ncha za mtandio na za kilemba zichomekwe, nywele zifungwe nyuma. Khanga ya kiunoni ifungwe kibwebwe, isining'inie. Na mtoto asiwe karibu, hata yule anayesema anajua.

Kazi ikiisha, legezeni skrubu ya juu rola ziachane. Zikikaa zimebanana wiki nzima, mpira hubonyea upande mmoja, na baada ya hapo kila mzunguko unakanyaga kama gurudumu lenye pancha. Mpira uliokauka juu juu unaweza kuurudisha kwa msasa laini. Ule uliopasuka hadi ndani haurudi. Nilijaribu kuzungushia tyubu ya baiskeli, ikawa inajikunja na kung'ata nguo kwenye maungio. Kilichofaa ni hiki: fundi mkereza mmoja wa hapa mjini alinikerezea gogo la mninga likavaa kwenye shafti ileile, tukaziba ncha zake kwa gundi ngumu ili mti usinywe maji, kisha tukavalisha kipande cha mpira mzito wa kuvutia maji wa pampu, tukiwa tumeulainisha kwenye maji ya moto, na mwisho akausawazisha kwa msasa palepale kwenye mashine yake ya kukereza. Rola ile ina miaka miwili sasa, inakamua mablanketi.

Kwa nini nahangaika hivi? Nitawapeleka Newala mnielewe.

Mnajua uwanda wa Makonde ulivyo. Mvua inanyesha na udongo wa kichanga unainywa yote. Huko juu hakuna mto wala kijito. Bibi zetu walishuka mabondeni kuchota na kupanda na mitungi kichwani, na hadi leo maji ya bomba husukumwa kwa pampu kutoka chini, na pampu ikilala, mji mzima unanunua maji kwa dumu. Mteja wangu mmoja wa huko, mama mtu mzima, anafua mashuka ya nyumba za wageni na nguo za majirani. Mashine ya kisasa aliwahi kuwa nayo. Mashine nyingi za namna hiyo za mlango wa juu hutumia zaidi ya lita 100 kwa fungu moja la nguo, kisha maji yote humwagwa, yawe machafu yasiwe machafu.

Mashine ya rola haimwagi mpaka wewe useme. Mama huyu anajaza pipa kwa madumu matatu, lita 60, na pembeni anaweka mabeseni mawili makubwa ya kusuuzia. Fungu la kwanza ni mashuka meupe na mashati ya shule. Dakika kama nane, anakamua, na povu linarudi pipani. Katika maji yaleyale anatia khanga na magauni. Anakamua tena, povu linarudi tena. Ndipo inapofika zamu ya nguo za shamba, zenye udongo mwekundu na madoa ya korosho, nazo zinafuliwa kwa maji ambayo tayari yamefanya kazi mara mbili. Msimu wa kupulizia mikorosho nguo zenye unga wa salfa huwa za mwisho kabisa, na maji yake hayarudiwi kwa nguo nyingine. Maji ya beseni la kwanza la kusuuzia yakichafuka, la pili linachukua nafasi yake. Mwenyewe anasema kwamba kazi iliyokuwa ikimmaliza madumu 15 sasa inamchukua saba au nane, na shuka likishapita kwenye rola halidondoshi maji, kwa hiyo hata siku ya mawingu linakauka kabla ya jioni.

Nampa sharti moja tu mwenye pipa la aluminiamu: asitie magadi, asitie majivu, asitie dawa kali ya kung'arisha nguo nyeupe. Vitu hivyo hula aluminiamu. Sabuni ya mche iliyokunwa na kuyeyushwa kwenye maji ya moto inatosha.

Na kule ambako umeme haujafika? Maytag walikuwa wameshajibu swali hilo kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Kuanzia miaka ya 1910 waliwauzia wakulima wa Marekani mashine zenye injini ndogo ya petroli chini ya pipa, inayowashwa kwa kukanyaga kwa mguu, inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Vijana mnaotengeneza pampu za kupulizia mikorosho, injini hiyo mnaijua tayari; ni ya jamii ileile. Ila ile ilikuwa na bomba refu la kutolea moshi nje ya nyumba, kwa sababu moshi wa petroli ndani ya chumba unaua bila kelele. Ukifunga injini ya namna hiyo, fulia uani.

Mheshimiwa mwenyekiti, nimesema ya kutosha na maji yanapoa. Ile Maytag ya bwawa la bata ipo hapa nyuma ya ukumbi, chini ya mwembe, imeshajazwa, na waya wake umechunguzwa mbele ya mashahidi watatu. Kuna mashuka 12 kwenye kapu. Naomba wenye bangili wazivue, wenye mikono mirefu waikunje, na watoto wakae upande ule wa baraza. Mwanafunzi wangu wa zamani, yule niliyewaeleza habari zake, amekuja kutoka kibandani kwake, naye ndiye atakayepiga kifyatulio mara 20 kwanza. Tutahesabu wote kwa sauti, halafu mama yetu wa Newala atapitisha shuka la kwanza.